Maswali ya Wasomaji: Nafanya Kazi za Mungu, Lakini Sikai Naye

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zote zinahusu sala. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine mbili, kwa sababu naamini wengi mnaoisoma safu hii mngeweza kuiandika ninyi wenyewe. Majina ya waandishi yameachwa kwa ombi lao.

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa watoto wanne na nina genge la mboga sokoni. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo mimi ni katibu, upande wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, ni mweka hazina wa kigango, na Jumapili naimba kwaya. Hakuna wiki inayopita bila kikao, mchango au msiba. Watu hunisifu kwamba nina moyo wa Kanisa. Lakini, Padre, nikibaki peke yangu nikasema sasa nisali, sina la kusema. Najiona kama mgeni niliyebisha hodi kwa mtu nisiyemfahamu. Katika semina ya Kwaresima tuliambiwa kwamba sala na taamuli, yaani kukaa kimya ukimtazama Mungu kwa upendo, viwe kitovu cha maisha ya Mkristo. Je, hayo si ya watawa wa ndani, wasio na watoto wala genge? Na kama yananihusu na mimi, nianzie wapi, na saa ngapi kwa siku zinatosha?

Jibu: Milele, amina, Mama. Umeuliza saa ngapi, nami naomba swali hilo tuliweke pembeni kwanza, kwa maana anayeanza na saa huishia kwenye hesabu, na wewe hesabu unazo za kutosha: za genge, za jumuiya na za WAWATA. Tuanze na neno mlilopewa kwenye semina. Kitovu ni kidogo kuliko mkono, kuliko mguu, kuliko hata tumbo kinapokaa. Lakini mtoto akiwa bado hajazaliwa, chakula chake chote humfikia kwa njia hiyo, na hata kilipokatwa wazee wetu hawakukitupa, walikizika, ndiyo maana hadi leo mtu akitaka kusema kwao ni wapi husema ni pale kitovu chake kilipozikwa. Basi sala kuwa kitovu si kusema kwamba imeze sehemu kubwa ya siku yako. Ni kusema kwamba mengine yote, genge likiwamo, yapate chakula chake hapo, na kwamba siku ukipotea ujue kwenu ni wapi.

Kuhusu watawa wa ndani, Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inataja namna tatu za sala, yaani sala ya sauti, tafakari na taamuli, na zote tatu inazihesabu kuwa mali ya Wakristo wote, bila kuifungia ile ya tatu ndani ya kuta za monasteri. Jina lake lisikutishe. Umewahi kukesha na mtoto mwenye homa. Homa iliposhuka alfajiri naye akalala, ulibaki umekaa kando ya kitanda unamtazama, husemi kitu, huombi kitu, wala huondoki. Mama aliyekaa hivyo ameigusa taamuli, hata kama hajawahi kulisikia neno lenyewe. Mzaburi aliigeuza picha hiyo na kuitazama kwa upande wa mtoto: "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha, kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Angalia kwamba mtoto huyo ameachishwa. Hayuko kifuani kwa sababu ya maziwa. Amefuata kifua chenyewe.

Najua utaniuliza habari za Martha, yule aliyehangaika kumhudumia Yesu huku ndugu yake Mariamu ameketi kumsikiliza, kwa kuwa kila semina ya wanawake humtaja na wanawake wengi hutoka hapo wakijisikia wamelaumiwa kwa kupika. Isome tena Luka sura ya 10 uone Mwinjili ameiweka wapi habari hiyo. Kabla yake kuna Msamaria aliyeshuka, akafunga majeraha, akampandisha mtu mnyama wake na kumlipia nyumba ya wageni. Baada yake, sura ya 11 inapoanza, mmoja wa wanafunzi anamwomba Yesu awafundishe kusali. Martha na Mariamu wamekaa katikati ya mkono unaotenda na mdomo unaosali. Wala Bwana hakumwambia Martha kwamba chakula hakitakiwi. Alimwambia, "Unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Kilichosahihishwa pale ni kule kufadhaika, na hata kile kitendo cha kumlalamikia mgeni juu ya ndugu yake. Tukikosa kitovu ndivyo tunavyokuwa: tunaanza kwa kuhudumia na tunamalizia kwa kuwahesabia wenzetu nani hakuja kufagia kanisa.

Watu wengi kusini mwa Tanzania wanaijua Peramiho kwa hospitali, shule na karakana zake. Wamisionari Wabenediktini walianza hapo mwaka 1898, na anayeziona kazi hizo anaweza kudhani kwamba alikutana na watu wa kazi tu. Lakini kengele ndiyo inayoipanga siku ya abasia, yaani monasteri yao. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inaagiza katika sura ya 43 kwamba ishara ya saa ya sala ikisikika, kila mmonaki aache mara moja alichoshika mkononi na aende kwa haraka, lakini kwa staha, wala kitu chochote kisitangulizwe mbele ya Kazi ya Mungu. Na kwa Benedikto "Kazi ya Mungu" ni jina la ile sala ya pamoja. Ninyi mlio sokoni hamwezi kuacha mizani mikononi mwa mteja kila kengele inapolia, na sikuombi ufanye hivyo. Ila kanuni hiyohiyo, katika sura ya 31, inamwagiza mtunza ghala wa monasteri avihesabu vyombo na mali yote kama vyombo vitakatifu vya altare. Sururu, ndoo na sufuria, kama kalisi! Hayo yanakuhusu moja kwa moja, wewe unayeshika nyanya na mchicha tangu asubuhi. Na katika sura ya 20 anasema sala iwe fupi na safi. Wanaodhani wamonaki ni watu wa maneno mengi mbele ya Mungu wangeshangaa.

Sasa nije kwenye kile kilichokuuma zaidi, kwamba ukibaki peke yako huna la kusema. Mtakatifu Teresia wa Avila, Mkarmeli wa Hispania aliyeishi kati ya mwaka 1515 na 1582, ambaye Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, anakiri katika maelezo ya maisha yake kwamba kwa miaka mingi alikwenda kwenye sala akitamani muda uishe, huku ametega sikio kusikia saa ikigonga. Kuna kipindi cha zaidi ya mwaka mzima alichoacha kabisa sala ya moyoni, akidhani kwamba kwa jinsi alivyo hastahili, na baadaye alikiona kipindi hicho kuwa kishawishi kibaya kuliko vyote vilivyompata. Mwanamke huyohuyo ndiye aliyetuachia mfano wa bustani. Kuna namna nne za kuimwagilia, anasema: unaweza kuchota kwa ndoo kisimani, jambo linalochosha mikono, unaweza kutumia gurudumu la maji, ukapata mengi kwa jasho dogo, unaweza kuleta maji ya mto kwa mfereji, au mvua inanyesha, na hapo mkulima hafanyi chochote. Wewe unanunua mboga kwa wakulima, unajua ndoo ni nini. Mtu aliyeko kwenye ndoo si mvivu wala hajalaaniwa, na wakati mwingine kisima chenyewe huwa kikavu, na Teresia anasema hata hapo mtunza bustani asiondoke, kwa sababu bustani ni ya Bwana. Mvua haiitwi kwa kupiga kelele. Lakini atakayeikuta ni yule aliyezoea kuwapo shambani.

Nianzie wapi, unauliza. Kwanza, sitakuambia uamke saa tisa usiku. Mwenye genge huenda kuchukua mzigo saa kumi alfajiri, na padre anayemwagiza aamke kabla ya hapo labda hajawahi kubeba tenga la nyanya. Nakushauri robo saa, palepale kila siku, wakati uleule. Inaweza kuwa saa nane mchana, soko linapopoa na wateja hawajaanza kurudi kutoka kazini, umekaa kwenye kigoda chako nyuma ya meza. Inaweza kuwa jioni baada ya kufunga, ukipitia kanisani mbele ya Ekaristi kabla ya kufika nyumbani ambako chakula kinakusubiri. Simu iwe mbali. Mimi niliwahi kuweka ukumbusho wa Masifu ya Jioni, ile sala ya Kanisa ya kila jioni, kwenye simu, nikawa naizima kengele na papo hapo nafungua ujumbe wa WhatsApp, hadi nilipogundua kwamba kengele yangu ya sala ilikuwa inaniita kwenye mazungumzo ya kamati ya ujenzi.

Halafu usiende mikono mitupu, nenda na Neno. Chukua Marko 10, mstari wa 46 hadi wa 52, habari ya Bartimayo kipofu aliyeketi kando ya njia. Isome mara moja taratibu, kisha mara ya pili, na safari hii simama panapokushika. Tuseme pamekushika pale anapoitwa, akatupa vazi lake, akaruka. Usiendelee mbele. Vazi la mwombaji ndilo shuka lake la usiku, na pengine ndilo alilolitandaza kupokelea sadaka. Amelitupa kabla hajaona. Liache hilo likutazame. Huenda utamwambia Bwana kitu, huenda utaulizwa wewe kile alichoulizwa yeye: "Wataka nikufanyie nini?" Ukishajibu, nyamaza. Guigo wa Pili, mmonaki wa Shirika la Wakartusi katika karne ya 12, aliiita njia hii ngazi yenye vidato vinne, yaani kusoma, kutafakari, kusali na kutaamali, akaeleza kwamba kusoma ni kutia chakula kinywani, kutafakari ni kutafuna, kusali ni kuipata ladha, na taamuli ni ule utamu wenyewe. Kwetu mfano ungekuwa muwa. Anayemenya muwa mzima akauweka mezani akautazama hajala kitu. Na anayetaka kumaliza miwa mitatu kwa haraka ataumia meno. Pingili moja yatosha kwa robo saa.

Katikati ya siku tumia vijiti vidogo vya kuchochea moto. Sala ya Malaika wa Bwana, ambayo kengele ya parokia huikumbusha saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, haichukui dakika mbili, na unaweza kuisali huku ukifunga mafungu ya mchicha.

Na sasa lile ambalo pengine hukutegemea. Uchaguzi wa viongozi ukifika, achia wadhifa mmoja. Sisi mapadre tuna kosa letu hapa, lazima tuseme: tukimpata mwanamke mmoja asiyejua kukataa, tunampa ukatibu, uhasibu, usimamizi wa chakula cha askofu na ufunguo wa sakristia, kisha tunamwalika kwenye semina tumwambie apunguze shughuli asali. Usiache yote, kwa maana upendo wako kwa wenzako ni tunda halisi. Acha lile unaloling'ang'ania kwa kuogopa watu watasemaje.

Baada ya miezi michache utataka kujua kama kuna linalobadilika. Usipime kwa machozi wala kwa furaha inayokujia ukiwa umefumba macho. Hayo huja na kuondoka kama wateja. Chunguza genge. Tazama unavyomjibu yule anayekopa kila wiki na kulipa nusu, unavyopanga nyanya zilizoanza kulainika, chini ya fungu au juu, na unavyomsikiliza mwanao anapokueleza ya shuleni huku wewe umeshika daftari la michango. Yesu, ambaye kwa habari ya Marko aliponya wengi jioni mlangoni pa nyumba ya Simoni, aliondoka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Na walipomfuata wakimwambia kwamba watu wote wanamtafuta, hakurudi kwa sababu ya kutafutwa, aliwaambia waende katika vijiji vingine. Alitoka kwenye sala akijua la kukubali na la kukataa. Hilo ndilo ninalokutakia.

Swali: Padre, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Wenzangu katika kikundi cha maombi wanasema kusali kimya ni kusali bila nguvu, na kwamba maombi yanayofika mbinguni ni yale ya sauti na ya kukemea. Mwingine ananiambia taamuli ni yoga ya Mashariki iliyoingizwa Kanisani kwa mlango wa nyuma. Nimechanganyikiwa.

Jibu: Mwanangu, waambie wenzako wakutane na Hana, mama yake Samweli. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza cha Samweli aliomba hekaluni midomo ikitikisika na sauti haisikiki, na kuhani Eli, aliyezoea pengine sala za namna nyingine, akamdhania amelewa. Maombi hayo yasiyosikika yakamzaa nabii. Ila na wewe usidharau sauti zao. Bartimayo niliyemtaja hapo juu alipaza sauti, wengi wakamkemea anyamaze, naye akazidi kupaza, na Yesu akasimama. Waliokosea pale ni waliomnyamazisha. Ninachokiona mimi ni kwamba kelele ya shida ya kweli na ukimya wa upendo wa kweli hutoka kisima kimoja, na kwamba kukosa nguvu huanza pale mtu anapopayuka ili ajisikie amesali, au anaponyamaza ili aonekane ana kina. Wapo wa aina zote mbili, na wote nimewahi kuwaungamisha.

Kuhusu Mashariki, taamuli ya Kikristo ilikua barani kwetu. Antoni, kijana wa Misri wa karne ya 3, alisikia kanisani Injili ikisema, "Enenda ukauze ulivyo navyo," akaigawa ardhi ya wazazi wake na hatimaye akaenda jangwani. Athanasi, askofu wa Aleksandria, ndiye aliyeandika habari za maisha yake. Yohane Kasiano aliwatembelea wamonaki wa jangwa hilo, akaja kukaa Marseille, kusini mwa Ufaransa, na kuwapelekea Wazungu mafundisho aliyoyapata Misri, likiwamo zoezi la kuurudia siku nzima mstari wa Zaburi ya 70, "Ee Bwana, unisaidie hima," ukiwa shambani, mezani, hata usingizi unapokuchukua. Kila kipindi cha Masifu hadi leo hufunguliwa kwa maneno ya mstari huo. Kwa hiyo mtu akikuambia ukimya ni mtindo wa kigeni, mwulize ni nani aliyejifunza kwa nani.

Bado tahadhari ya mwenzako si ya kupuuza. Tarehe 15 Oktoba 1989, sikukuu ya Teresia wa Avila, Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa barua kwa maaskofu kuhusu tafakari ya Kikristo. Haikukataa kwamba mkao wa mwili au utulivu wa pumzi unaweza kumsaidia mtu kujikusanya. Ilichokataa ni kudhani kwamba mbinu yenyewe ndiyo sala, au kwamba raha inayopatikana mwilini ni faraja ya Roho Mtakatifu. Ukinyamaza, nyamaza mbele ya Mtu mwenye jina, ukiwa na Injili yake mkononi. Atakayekaa saa nzima akisikiliza pumzi zake tu, amepumzika vizuri. Sala ni jambo jingine.

Nakushauri kitu kimoja cha vitendo: endelea kwenda kwenye kikundi, imbeni na mpaze sauti, kisha waombe wakubali dakika tano za ukimya baada ya somo, kabla ya mtu yeyote kushika kipaza sauti. Utaona ni nani anayeanza kukohoa dakika ya pili. Usimcheke, kwani hata sisi seminarini tulikohoa.

Swali: Padre, mimi ni mzee mstaafu. Muda ninao sasa, lakini nikianza Rozari jioni, fumbo la tatu silifiki, nimeshalala na rozari mkononi. Je, nifunge nisile chakula cha jioni?

Jibu: Mzee wangu, kula. Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, alisinzia kwenye sala na baada ya komunyo kwa miaka saba, na yeye alikuwa msichana ndani ya monasteri. Hakujilaumu, alisema watoto huwapendeza wazazi wao wakiwa wamelala kama wakiwa macho, akakumbuka Zaburi ya 103, kwamba Mungu anatujua umbo letu "na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi." Ihamishe Rozari asubuhi baada ya chai, uisali ukitembea uani kama magoti yanaruhusu, na jioni ubaki na Baba Yetu moja ya polepole. Ukilala ndani yake, ukishtuka endelea pale ulipoishia. Ukiwa hukumbuki ulipoishia, fanya ishara ya msalaba ukalale kitandani, maana kiti kinaumiza shingo.